Korongo wa Mguu Mmoja

Kanuni ya Baraza la Mji wa Karusuu, kifungu cha nne,
imetiwa fremu ukutani, mkabala na mlango wa choo:
Buluu ni mto, na uaminifu wa wakazi.
Nyeupe ni theluji, na dhamiri isiyo doa.
Korongo amesimama kwa mguu mmoja
kwa kuwa mji huu haulali usingizi mzito.

Wageni huisoma wakingoja zamu yao.
Hutikisa kichwa, wameridhika.
Mimi, Urmas, mshika funguo na mpandisha bendera,
napita na ndoo, sisemi.
Asiyejua maana haambiwi maana,
nami maana nilishonewa mezani, nikiwa na miaka tisa,
taa imefunikwa gazeti.

Mama yangu, Helju, alishona makoti ya mvua kiwandani.
Ile buluu ni jora la mwisho
kabla milango haijafungwa mnyororo.
Alitoka nalo kalizungusha kiunoni;
mlinzi akamwambia, "Hongera, wa pili huyo?"
Akajibu, "Wa pili."
Uaminifu? Haya, tuseme hivyo.
Iguse hata leo: mvua haipenyi.

Nyeupe ni shuka ya wodi ya wazazi.
Aliileta mkunga Salme, imefuliwa mara tatu kwa magadi,
na bado, jua la asubuhi likiwa nyuma yake,
pembe ya chini huonekana ramani ndogo ya kahawia.
Nani alizaliwa juu yake, hatujui.
Kila mtu hapa anadhani ni yeye.

Na korongo, jamani,
korongo alikuwa na miguu miwili!
Endel, mwalimu wa hesabu, alimchora kwa chaki ya fundi,
miguu yote, magoti yamepinda kinyume kama inavyotakiwa.
Mama akaanza na mdomo, ikaja shingo, likaja bawa,
saa tisa usiku akamaliza mguu wa kushoto
na kidonge cha uzi mweusi kikaisha.
Maduka hayakuwa na uzi. Maduka hayakuwa na kitu.
Akaifuta chaki ya mguu wa pili kwa kiganja,
akasema, "Ameukunja. Ana baridi."

Asubuhi kapi likalia, watu wakavua kofia,
na Vello wa trekta akamuuliza jirani,
"Mbona mguu mmoja?"
"Yuko macho," akasema jirani, ambaye hakujua.
Jibu hilo likapanda ngazi, likaingia barazani,
likatoka na muhuri.

Sasa wamekuja vijana wa kampuni, kutoka mji mkuu,
na bendera mpya ndani ya kompyuta:
mistari miwili, duara,
korongo amekuwa kama alama ya vyema kwenye daftari.
Meya Kaire akaniuliza, kwa adabu, kama nina la kusema.
Nilikuwa nalo.
Nikasema kapi linataka grisi.

Ile ya Mama hupanda siku tatu tu kwa mwaka,
lakini upepo wa ziwani unazijua tarehe zake.
Hutafuna ukingo wa nje; mimi hukata kilichochanika,
napinda, nashona.
Kidole kimoja kila mwaka, miaka thelathini na mitatu.
Shule mbili zimekuwa moja. Kituo cha treni kimekuwa ghala la viazi.
Na korongo, ambaye Mama alimtazamisha nje,
kule barabara inakokwenda,
mdomo wake sasa umegusa upindo.
Mwakani nitachagua: nimkate mdomo,
au niuache upepo umalize kazi.

Jumanne nilinunua kidonge cha uzi mweusi.
Muuzaji akauliza ni cha nini, nikasema vifungo.
Kiko mfukoni, bado kina karatasi yake.
Nimepima kwa macho:
unatosha mguu mmoja, na unabaki kidogo.